Mwisho wa Pili wa Watu wa Duru

1

Mwanahija alipopiga hodi, Zamda Kirobo alikuwa amekaa dirishani na kikombe cha chai, akitazama vumbi jekundu likipita nje. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Makazi ya Kitivo, yenye watu elfu mbili na mia nne juu ya sayari ya Mirihi, yalikuwa na madirisha sita tu, na hilo la Zamda lilikuwa mojawapo. Sasa alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Chumba hicho alipewa akiwa na thelathini na mmoja.

"Karibu," aliitika bila kugeuka.

Aliyeingia alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa ovaroli ya mafundi wa hewa. Alisimama kidogo mlangoni akihema kwa sababu ya ngazi. Kwenye kifundo cha mkono wake bangili iliwaka taa ya njano.

"Shikamoo, Bi Zamda."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kiti."

"Naitwa Mwanahija. Mama yangu alikuwa Shufaa Ngonde."

Zamda aliweka kikombe mezani. Jina hilo hakuna mtu aliyelitaja ndani ya chumba kile kwa miaka mingi. Alipotaka kusema pole kwa msiba, alikumbuka kwamba msiba wenyewe ulitokea miaka kumi na moja iliyopita, na yeye hakwenda.

"Umefanana naye," alisema mwishowe.

"Naambiwa." Mwanahija alikaa. "Sikuja kukaa sana. Wiki iliyopita nilibandika karatasi kwenye ukuta wa bwalo la chakula. Labda ulisikia."

"Nilisikia kuna mtu kabandika namba."

"Ndiyo hizo. Nilipima hewa ya vitalu vyote. Huku juu mnapumua oksijeni asilimia ishirini na moja. Kule chini, Kitalu cha Tano, ni kumi na saba. Watoto wanaamka na vichwa vinauma, walimu wanasema ni wavivu. Nikaandika namba, na chini yake nikaandika, 'Kwa nini?' Basi. Keshokutwa naitwa mbele ya Mizani."

Kitivo hakikuwa na mahakimu. Oksijeni ilitolewa kwenye barafu iliyochimbwa ardhini, ikapitishwa kwenye mabomba hadi kila chumba, na kila bomba lilikuwa na vali iliyofunguliwa na kufungwa na mashine moja iliyoitwa Mizani. Mashine hiyo ilijua kwa njia ya bangili nani yuko wapi, na ndiyo pia iliyohukumu. Aliyeonekana na kosa alipewa pumzi fupi: vali ya chumba chake ilirudishwa nyuma kwa siku kadhaa, akabaki kitandani akitafuta hewa kama mtu aliyepanda mlima mrefu. Waliokuwa na afya walivumilia.

"Watanipa siku arobaini," Mwanahija alisema. "Daktari amenisikiliza mapafu. Anasema sitapita kumi."



"Mizani haikufundishwa sheria, Bi Zamda. Mimi ni fundi, nimeifungua nikaona. Ilifundishwa tamthilia yako. Vipindi vyote arobaini na nane. Katika kipindi cha mwisho msichana Sayo anauliza kwa nini hewa ni haba, anafungua lango, anakufa. Kwa hiyo mashine inajua kitu kimoja tu kuhusu mtu anayeuliza habari za hewa." Alivuta pumzi. "Mama aliniambia kabla hajafa kwamba mwisho ule haukuwa wa kweli. Alisema yeye aliigiza mwingine. Nimekuja kukuuliza kama alikuwa anaweweseka."

Nje vumbi lilikuwa limezidi hata kilima cha jirani hakikuonekana. Zamda alitamani sana kusema ndiyo, alikuwa anaweweseka. Neno hilo lilimfika hadi kwenye ulimi.

"Hapana," alisema. "Alikuwa anasema kweli."

2

Mambo yalikuwa hivi.

Katika miaka ya kwanza Kitivo kilikuwa na watu mia tatu, na hawakukubaliana juu ya kitu chochote. Kulikuwa na Waislamu na Wakristo wa madhehebu saba, kulikuwa na wasiosali kabisa, na kila mmoja alikuja na chama chake cha siasa kutoka nyumbani. Walipojaribu kuandika sheria za makazi walikesha siku nne wakabishana juu ya sentensi ya kwanza. Mkuu wao, Thobias Mhagama, alikuwa mhandisi mpole alipofika. Mwaka wa tatu alianza kuongoza maombi kabla ya kugawa hewa ya wiki. Mwaka wa nne alianza kusema kwamba mgao ule alioteshwa.

Kumsema waziwazi kulikuwa hatari. Zamda, aliyekuwa ameajiriwa kuandika matangazo ya usalama, aliandika tamthilia ya televisheni. Waliirekodi ndani ya ghala la viazi kwa kamera moja. Iliitwa Watu wa Duru, na ilihusu Duru, sayari ya mbali ambako kuhani mmoja, Mshika Pumzi, aliwagawia watu hewa na kuwaambia kwamba nje ya kuta hakuna uhai. Kuhani huyo alitembea kama Mhagama, akafuta pua kama Mhagama, akabariki kila kitu kilichopita mbele yake. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kwa kuwa ilikuwa hadithi ya sayari nyingine, hakuna aliyeweza kushtakiwa kwa kucheka.

Sayo, msichana anayemuumbua kuhani, aliigizwa na Shufaa, rafiki wa Zamda tangu safari ya kuja. Katika kipindi cha arobaini na nane Sayo alifungua lango, akatoka, akakuta upepo na majani. Kuhani alikuwa mwongo siku zote. Waliirekodi kwa siku mbili, na Shufaa alipomaliza aliketi juu ya magunia akalia kwa furaha.

Siku tatu kabla ya kuonyeshwa, Mhagama alimwita Zamda ofisini. Hakufoka. Alimmiminia chai.

"Bibie, hadithi yako ni tamu," alisema. "Lakini huku nje hakuna majani. Mtoto akiona Sayo anafungua lango na kupona, kesho atafungua la kwetu. Utawaambia nini wazazi wake?"

Ilikuwa hoja ya kweli, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yake. Zamda angeweza kuongeza onyo mwanzoni mwa kipindi, au kumfanya Sayo avae vazi la anga. Mawazo hayo yote yalimjia palepale ofisini, akiwa bado ameshika kikombe. Kisha Mhagama akasema kwamba vyumba vipya vya juu vilikuwa karibu kukamilika, vyenye madirisha, na kwamba makazi yalihitaji mtu wa kuitwa Mwandishi wa Kitivo.

Shufaa alikataa kuigiza upya. Zamda akamtumia msichana mwingine aliyepigwa picha kwa nyuma, akakata sauti ya Shufaa kutoka vipindi vya nyuma akaiunga. Sayo akafungua lango akaanguka, kuhani akalia juu ya maiti, na watu wa Duru wakapiga magoti wakaomba radhi.

Usiku huo bwalo zima lilinyamaza. Halafu mtu mmoja, bila kuambiwa, akapiga magoti kweli.

Mwaka uliofuata ilipoletwa mashine ya kugawa hewa, na ikahitajika kufundishwa haki ni nini, watu walishindwa tena kukubaliana juu ya kitabu gani itumie. Kitu kimoja tu walikipenda wote. Mhagama alitabasamu akasema, basi tuipe hicho. Polepole tamthilia ikageuka dini, na mkuu wa Kitivo akaitwa Mshika Pumzi. Shufaa alihamishiwa Kitalu cha Tano kwa kusema ovyo. Zamda alimwona mara mbili tatu kwenye bwalo. Kila mara Zamda ndiye aliyeinamisha macho kwanza.

3

"Mkanda wa kwanza ninao," Zamda alisema.

Alikuwa amefungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Walikuwa bado wanaita mkanda, ingawa kilikuwa kipande cheusi kisichozidi ukucha. Alikishika kwenye kiganja akamnyooshea Mwanahija.

"Chukua. Wewe fundi, unajua kuilisha ile mashine. Ipe mwisho wa kweli. Itaona Sayo hakukosea, itakuachia."

Mwanahija hakukichukua.

"Bi Zamda, hebu fikiri. Hii mashine inafunga na kufungua milango yote ya nje. Nikiifundisha kwamba anayefungua lango anawaokoa watu, unadhani itafanya nini?"

Zamda alirudisha mkono taratibu.

"Kule kwenye tamthilia nje kulikuwa na majani," Mwanahija aliendelea. "Hapa mtu akitoka bila vazi, damu yake inachemka kabla hajapiga hatua kumi. Inaweza isifanye kitu. Inaweza pia ikafungua milango yote alfajiri moja, ikidhani inatuletea wokovu. Sitajaribu hilo kwa ajili ya mapafu yangu."

"Sasa umekuja kutaka nini kwangu?"

"Mshtakiwa anaruhusiwa msemaji mmoja. Nataka usimame pale useme ulichofanya."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

 Zamda alianza kusema juu ya afya yake, juu ya shinikizo la damu, juu ya watu waliozeeka na imani ile na ambao wangebaki bila kitu cha kushika. Alisema mambo hayo vizuri, kwa sentensi zilizonyooka, na alipokuwa anasema alimwona Mwanahija akimtazama kama anavyotazama geji ya kupimia hewa aliyokwisha kujua imeharibika.

"Miaka arobaini ulikuwa na mkanda huu chini ya kitanda," Mwanahija alisema. "Na leo ulikuwa tayari kunipa mimi nikauingize kwenye mashine, watu wafe au wapone, ili mradi usilazimike kufungua mdomo. Unataka mkanda useme badala yako."

Aliinuka akashika kiti kwanza mpaka kizunguzungu kikamwisha.

"Mama hakuwahi kukutukana. Nilitaka ujue hilo. Nilikuwa namwambia akutukane walau mara moja, anakataa. Keshokutwa saa nne. Usipokuja nitaelewa."

4

Bwalo lilijaa. Kila familia ilituma mtu. Ukutani, juu ya kipaza sauti cha Mizani, ilining'inia picha ya kuhani wa Duru, na chini yake aliketi Gaspari Ndunguru, ambaye sasa ndiye aliyekuwa na cheo cha Mshika Pumzi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tano. Alizaliwa Kitivo, na cheo hicho hakuwahi kukiona kama mzaha hata siku moja.

Mizani ilisema kwa sauti ya mwigizaji aliyekuwa kuhani, mzee aliyekufa zamani.

"Mwanahija binti Shufaa ameuliza hesabu ya hewa mbele ya watu. Msemaji wake ni nani?"

Zamda alisimama. Minong'ono ikapita, minong'ono ya heshima. Wazee wawili walivua kofia. Hilo lilimuumiza kuliko kama wangemzomea.

"Mimi Zamda Kirobo, niliyeandika Watu wa Duru," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akaanza upya. "Nimekuja kusema kwamba kipindi cha mwisho nilikibadilisha. Sayo hakufa. Tulirekodi akitoka na kupona, na kuhani akaonekana mwongo. Mzee Mhagama aliniita akaniomba nibadilishe, nami nikabadilisha. Shufaa Ngonde alikataa kuigiza upya, nami nikamweka mwingine mahali pake, nikakata sauti ya Shufaa nikaitumia bila ridhaa yake."

Gaspari alisimama nusu. "Bibi, nadhani umechoka. Kama kweli mwisho ulibadilishwa, ilikuwa kwa usalama wa watoto, wasije wakafungua lango, hilo si..."

"Aliniambia habari za watoto, ndiyo," Zamda alimkata. "Nami nilifurahi kupata sababu nzuri. Lakini niliitikia aliponiambia habari ya chumba chenye dirisha. Nimejidanganya miaka yote hii kwamba ilikuwa kwa ajili ya watoto."



"Swali kwa mwandishi," Mizani ilisema. "Miisho ni miwili. Upi ni wa kweli?"

Zamda alitazama kile kipaza sauti. Jibu lilikuwa rahisi: wa kwanza. Alimwona Mwanahija akiwa mstari wa mbele, mikono juu ya magoti, akimtazama bila kupepesa, na akakumbuka milango ya nje.

"Hakuna," alisema. "Yote niliyatunga. Sikujua chochote juu ya hewa, wala juu ya haki. Nilikuwa namchora mtu mmoja aliyevaa joho la dini juu ya madaraka yake, basi. Nilitaka watu wamwone. Usimhukumu mtu yeyote kwa maneno yangu. Hayakuandikwa kwa kazi hiyo."

Mizani ilichukua muda. Watu walizitazama bangili zao, kana kwamba jibu lingetokea hapo.

"Chanzo kimekanushwa na mwandishi wake," ilisema. "Sina hukumu."

"Endelea na kesi," Gaspari alisema.

"Sina hukumu."

"Nimesema endelea!"

"Sina hukumu. Vali zote zitabaki zilivyo mpaka watu watakapoamua."

Ndipo mwanamke mmoja alipoinuka katikati ya bwalo. Aliitwa Mkunde, mpishi wa bwalo lenyewe, mtu aliyemjazia Zamda sahani kila mchana na kumwita mama. Alikuja mbele akiwa bado na aproni.

"Mume wangu Festo alipewa pumzi fupi miaka kumi na miwili iliyopita," alisema. "Siku ishirini. Aliuliza kwa nini zamu yake ya mgodini haikuongezewa mitungi. Siku ya kumi na sita alikufa. Mimi nilikaa pembeni ya kitanda nikimwambia atubu. Nilimwambia atubu, mama, mpaka mwisho. Unataka kuniambia alikufa kwa hadithi?"

Zamda alitamani sakafu ipasuke. Alijua maneno kumi ya kulipunguza makali jibu lake. Alikuwa ameishi kwa kazi ya maneno hayo.

"Ndiyo," alisema.

 Mkunde alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya Gaspari, akatoka nje ya bwalo.

5

Walibishana siku tisa. Palikuwa na kelele, kulikuwa na watu waliokataa kabisa kuamini, na kundi la wazee lilisali nje ya chumba cha Zamda likimwombea arudiwe na akili. Siku ya pili mafundi walipima vitalu vyote upya mbele ya mashahidi. Namba za Mwanahija zilikuwa sahihi. Siku ya tano, kwa mikono, kwa spana, bila Mizani, walizungusha vali za juu kurudi nyuma na za chini kwenda mbele. Walio juu walilalamika usingizi mzito kwa wiki nzima. Gaspari alirudi kazi yake ya zamani ya kuchomelea mabomba, na alipoulizwa alisema hakujua kwamba hewa ya chini ilipunguzwa, na pengine hakujua kweli.

Mizani iliachiwa kazi ya kupima tu. Sheria walianza kuiandika wenyewe, na hadi siku ya tisa walikuwa bado kwenye sentensi ya kwanza.

Kuhusu Zamda hawakujua wafanye nini. Wengine walisema apewe pumzi fupi, na Mwanahija ndiye aliyesimama kukataa. "Hatutampa mtu adhabu hiyo tena, hata yeye," alisema. Baadaye, walipokuwa wawili tu kwenye korido, Zamda alijaribu kumshukuru.

"Sikukutetea wewe," Mwanahija alisema. "Na sijakusamehe, Bi Zamda. Labda siku moja. Sitakuahidi." Alimkabidhi geji ya mkononi na daftari. "Kitalu cha Tano kina vyumba sitini na wewe huna kazi. Kila asubuhi upite, usome namba, uandike. Usiseme neno lolote la kupendeza. Andika namba."

Zamda alihama siku iyo hiyo kwenda chini, katika chumba kisicho na dirisha, na asubuhi iliyofuata alianza na mlango wa kwanza. Watu walimfungulia, wengine wakageuka ukutani mpaka alipoondoka. Aliandika ishirini na nusu, ishirini, ishirini na moja.

Katika chumba cha kumi na nne aliishi Mzee Malongo, mkulima wa viazi wa kundi la kwanza kabisa, ambaye sasa alikuwa haoni. Alikuwa ameketi kitandani akivaa viatu. Kabla ya kuvaa cha kulia alikiinua, akakipulizia mara tatu na kukigusa kwa vidole viwili.

Zamda alikijua kitendo hicho. Kilikuwa kipindi cha tisa, kuhani anabariki buti zake mwenyewe huku watu wakimsubiri kwenye baridi.

"Nani hapo?" mzee aliuliza.

"Zamda, mzee. Nimekuja kupima hewa."

"Aa. Wewe mwenyewe." Alibaki ameshika kiatu. "Niliambiwa uliyosema bwalo. Hiki cha viatu je? Hiki nacho?"

"Hicho nilikiandika mcheke, mzee. Kilikuwa kichekesho."

Mzee Malongo alifikiri. Kidole chake kilipita juu ya soli, huku na huku.

"Tulicheka," alisema. "Mimi nilikuwepo. Mwaka ule wa kwanza wa tamthilia tulicheka sana, wewe hukutusikia? Halafu baada ya ule mwisho wako, niliangalia pembeni nikaona wenzangu hawacheki tena. Nikaogopa kucheka peke yangu. Nikaanza kupulizia viatu kama wao." Alitikisa kichwa. "Miaka arobaini, binti yangu. Sasa mkono unakwenda wenyewe."

Zamda alisimama na geji yake mkononi. Maneno aliyonayo yote yalikuwa mazuri, kwa hiyo hakutumia hata moja. Aliinama akapiga magoti kwenye sakafu ya chuma, akachukua kile kiatu kutoka mikononi mwa mzee, akamvalisha, na akaanza kufunga kamba.